Miguu Dakika Nne

Bariadi,
2 Machi 2025

Mdogo wangu Jenipha,

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu nakujua, utaniamkia haraka haraka halafu useme una kikao. Nakusalimu na kwa Kisukuma chetu, mwangaluka, ng'wana Masalu, mtoto wa baba.

Sisi huku wazima. Baba yuko kwake Mwamapalala na mguu wake uleule. Siku za mvua unamsumbua, siku za jua anausahau na kwenda kukagua pamba kama kijana. Debora, wifi yako, anakusalimu sana, na michembe iliyofungwa pamoja na barua hii ameikausha yeye. Itafune taratibu, viazi vya mwaka jana vilikuwa na nyuzi. Shangazi Milembe amehamia Nyalikungu kwa mwanae, na tangu awe mtu wa Maswa mjini anatuita sisi washamba.

Utashangaa nimekuandikia karatasi. Simu zangu unazipokea ukiwa unatembea, nasikia viatu vyako kuliko maneno yako. Na baba alitulea hivyo, mwalimu yule: jambo zito liandikwe, ili mtu akilikana aonyeshwe mwandiko wake. Basi nimempa mtu wa vifurushi pale stendi, atakupigia basi likifika.

Jambo lenyewe ni hili. Juzi nilikuwa studio, hakuna mteja, naangalia status za watu kwenye simu. Nikakuta bango la chuo chenu. Mihadhara ya Mchana ya Sanaa za Vyombo vya Habari, kila Jumatano, saa saba mpaka saa nane, chakula kipo. Mratibu: Jenipha Masalu. Nilifurahi, sikufichi. Akaingia mama mmoja kutaka picha za pasipoti, nikamwonyesha lile bango kabla sijamwambia akae. Nikamwambia huyu ni mdogo wangu, tumbo moja.

Halafu nikasoma majina ya wazungumzaji. Mtangazaji wa redio, sawa. Mchora katuni, sawa. Dada anayetengeneza filamu kwa simu, na mwingine wa michezo ya kompyuta, hao siwajui, Mungu awabariki. Jumatano ya tano: Januarius wa Nyashimo, "Simiyu Kutoka Angani".

Januarius, Jenipha. Yule alikaa kwangu kujifunza kazi siku tisa, akaondoka na chaja yangu. Harusi yake ya kwanza aliipiga kifuniko kikiwa kwenye lenzi mpaka keki ikakatwa. Sasa amenunua droni, anairusha juu ya mashamba ya pamba na juu ya misiba ya watu. Droni inaona utosi. Haimwoni mtu pua wala macho. Na status niliyokuta lile bango ilikuwa yake, ameweka na mioyo mitatu.

Mimi nina wivu. Nakuandikia wazi ili usije ukasema nilificha. Miaka ishirini na mbili napiga video za harusi na misiba mkoa huu, na kazi yangu unaijua: napitisha kamera kwa kila mtu aliyekuja, mmoja mmoja, simruki hata mlevi wa mlangoni, kwa sababu huku kwetu ukimruka shangazi wa mtu umemtukana ukoo mzima. Kamera ya kwanza ulishikishwa na nani? Ulikuwa darasa la sita, mkanda tukauzungusha shingoni mwako mara mbili kamera isianguke.

Nijibu moja tu. Kwa nini Januarius, na si mimi?

Na ile flashi yenye video ya mazishi ya mama niliyokutumia, ukasema imegoma kufunguka, nimekuuliza mara mbili kama nikutumie nyingine. Hilo nalo hujajibu.

Kaka yako,
Renatus


Dar es Salaam,
24 Machi 2025

Kaka Renatus,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako ilinikuta kwenye kusahihisha mitihani ya majaribio, na vikao havijanipa nafasi. Michembe imefika salama. Wenzangu ofisini waliiona wakauliza ni magome ya mti gani, nikawaonjesha, sasa kila asubuhi kuna mtu mlangoni kwangu.

Nafurahi kusikia baba anaendelea vizuri. Naomba mumzuie asiende shambani peke yake. Mwambie wifi Debora asante, na shangazi Milembe mpe salamu zangu hukohuko mjini kwake. Kaburi la mama vipi, zile nyufa za sementi zilizibwa? Nilituma ujumbe kuuliza, sikumbuki kama nilijibiwa.

Kuhusu mihadhara, kaka, naomba usinielewe vibaya. Ratiba ilipangwa na kamati, na kamati ilitaka mada zinazogusa teknolojia mpya. Mimi ni mratibu tu. Kazi yako inathaminiwa sana. Nafasi zikipatikana mbele ya safari, jina lako litafikiriwa.

Kuhusu ile flashi, usisumbuke. Ilikuwa imeharibika kabla sijaiangalia, na sasa muda umepita, sioni haja ya kutuma nyingine.

Nakutakia kazi njema na Pasaka njema. Nawapenda wote.

Mdogo wako,
Jenipha


Bariadi,
22 Aprili 2025

Jenipha,

Shikamoo ya kwenye barua yako nimeipokea. Mvua huku ni nyingi, barabara ya kwenda Mwamapalala imekatika sehemu mbili, na baba amegoma kuja kukaa kwangu mjini. Anasema hawezi kumwacha mama peke yake na matope yale. Nyufa za kaburi nimeziziba mwenyewe, Januari. Ungekuwa umefika tangu tumzike ungeziona kabla ya kuziba. Dengu zimepandwa. Hizo ndizo salamu.

"Jina lako litafikiriwa." Hilo neno huwa naandikiwa na halmashauri nikiomba kupiga video ya sherehe zao. Sikujua kama nitaandikiwa na mtu niliyembeba mgongoni.

Januarius amerudi kutoka huko. Jumamosi alikuja studio kwangu, kwa heshima kabisa, na begi lenye nembo ya chuo chenu, na cheti amekiweka ndani ya plastiki kisilowe. Aliniwekea cheti kaunta nikisome. Nilikisoma. Nilimwambia kina maandishi mazuri. Debora aliyekuwa anashona pale nyuma alitoka nje, nadhani alinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko cheti.

Halafu yule kijana akasema, "Bro, ile miguu waliipenda kuliko kazi yangu."

Nikamuuliza miguu gani.

Akanieleza. Kwamba siku yake, kabla hujamkaribisha, ulisimama ukasema kabla ya kuiona Simiyu kutoka angani, tuione kwanza kutoka chini. Ukawasha projekta. Ikatokea miguu ya watu imesimama kwenye udongo mpya, dakika nne nzima, miguu tu, na sauti za watu wakiimba. Hukusema ni ya nani. Hukusema ni wapi. Ila Januarius alikiona kiatu cha kahawia kilichoshonewa kipande cha tairi kwenye kisigino, na huku hakuna mwingine mwenye kiatu hicho ila mwalimu Masalu. Kijana alinyamaza, hakutaka kukuaibisha mbele ya watu. Leo namheshimu kuliko wewe, na sikutegemea kuja kuandika hivyo.

Nikukumbushe ile miguu ilitoka wapi. Tulipofika kaburini waliita mtoto wa kwanza aje atie udongo. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na mimi ndiye mwenye kamera. Nikailaza chini kwenye lundo, nikaenda. Sikukumbuka kuizima. Ni kosa la mtu anayejifunza, na kwenye nakala ya ukoo nililikata. Kwako nilituma kama ilivyo, bila kukata hata kipande kimoja, kwa sababu hukuwepo, nikataka uone yote. Hizo dakika nne zipo kwenye flashi moja tu, na flashi hiyo ulisema imeharibika kabla hujaiangalia.

Umeiangalia. Umeichukua. Kosa langu na msiba wangu umewaonyesha watu wakiwa wanakula wali, na jina langu umelimeza. Januarius kachukua chaja, akajulikana ni mwizi wa chaja. Wewe nikuiteje?

Sitaki nafasi yoyote mbele ya safari. Nataka uniambie kwa nini hukunitaja.

Renatus


Dar es Salaam,
30 Juni 2025

Kaka Renatus,

Shikamoo.

Najua imepita miezi miwili. Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Nilitamani nikupigie, halafu nikamkumbuka baba na maneno yake ya mwandiko, nikaona kweli hili linahitaji mwandiko.

Baba hajambo? Nilimpigia siku ya Jumapili akaniambia msimu wa pamba umefunguliwa na anataka kuipeleka mizani mwenyewe. Hakuniuliza nakuja lini. Zamani alikuwa anauliza.

Naanza na lililo jepesi. Kamati haikupanga chochote. Kamati ni mimi na mwenzangu mmoja anayesaini kila nikimpelekea. Jina lako lilikuwa la kwanza kwenye karatasi yangu na nililikata kwa mkono wangu. Nikamweka Januarius kwa sababu anatoka kwetu na hajui chochote kuhusu mimi.

Sasa zito. Mama alipofariki, baba alisogeza mazishi kutoka Alhamisi hadi Ijumaa ili nifike. Nikawaambia nimelazwa, nina malaria kali. Sikuwa nimelazwa, kaka. Ijumaa hiyo saa nane mchana nilikuwa na usaili wa kazi hii. Nilipiga simu kuomba wanisogezee, wakasema waombaji ni wengi. Nikavaa gauni la bluu nikaenda. Waliniuliza kwa nini napenda sanaa ya picha, nikawaambia nina kaka anayepiga video kijijini, alinifundisha kamera nikiwa darasa la sita. Walitabasamu wote. Kazi niliipata kwa kukutaja wewe, saa ileile ambayo wewe ulikuwa unatia udongo.

Chumba cha usaili ndicho chumba cha mihadhara ya mchana. Meza ileile ndefu, sasa tunawekea masufuria ya wali na maharage. Ningesema pale mbele, "Hii aliipiga kaka yangu kwenye mazishi ya mama yetu," mtu angeuliza, na wewe ulikuwa wapi? Watu wale wanauliza, ndiyo kazi yao. Na ungekuwepo wewe mwenyewe umesimama pale, ningeshindwa kukuangalia. Kwa hiyo nilikata jina, nikaacha miguu.

Flashi haikuwahi kuharibika. Nimeiangalia mara nyingi, sijui idadi. Kamera yako inapita kwa shangazi Milembe, kwa wanakwaya, kwa majirani wote wa Mwamapalala, inasimama kwa kila mmoja kama mtu anayeamkia, inasubiri aitikie ndipo isogee kwa mwingine. Mimi natafuta pengo pale katikati yao, mahali ambapo ningekuwa nimesimama. Halipo. Watu walisogeleana wakaliziba.

Halafu inafika ile miguu. Nataka ujue kilichotokea siku ile, kwa sababu Januarius amekueleza nusu. Wengi pale huja kwa ajili ya chakula, simlaumu mtu, wanafunzi wana njaa. Kila Jumatano mzungumzaji anashindana na vijiko. Mimi mwenyewe nimeshazungumza katikati ya kelele za vijiko mpaka nikazizoea. Ilipofika dakika ya pili ya miguu yako, vijiko vilinyamaza. Nikawaambia: mpigaji wa picha hii amemwonyesha kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe, na hapa ameiacha kamera kwa sababu kuna kazi ambayo kamera isingeweza kumfanyia. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alilia na sahani mapajani. Nami nikasimama pale nikipongezwa.

Wewe unasema una wivu kwa sababu ya cheti cha plastiki. Kaka, mimi nimekuonea wivu miaka minne. Nikiona miguu yako inatoka pale kwenye kamera inaenda kaburini, nairudisha nyuma niitazame tena. Udongo ulibaki kwenye kucha zako. Mimi siku ile nilikuwa na wino kidoleni.

Muhula mpya unaanza Novemba. Jumatano ya kwanza nimeandika jina lako, Renatus Masalu, Bariadi, na safari hii sijalikata. Ukija nitasimama mimi kabla yako nieleze miguu ni ya nani na mimi nilikuwa wapi. Wakitaka kuniuliza waniulize.

Baba hajui. Nimekuandikia wewe kwanza. Kama utamsomea barua hii, nitakubali.

Mdogo wako,
Jenipha


Bariadi,
13 Julai 2025

Jenipha, ng'wana Masalu,

Marahaba, mdogo wangu.

Pamba imepelekwa mizani, baba alikwenda mwenyewe, akasimama kwenye foleni mpaka zamu yake, hakutaka kiti. Debora kavuna dengu. Ngoma zimeanza, kila Jumapili napiga kazi mbili, na Januarius anarusha mdudu wake juu yetu. Jumapili iliyopita droni ilitua kichwani mwa mcheza ngoma, na mimi nilikuwepo chini kuipata picha hiyo. Nimemtumia kwenye simu. Unaona sijapona.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika, nikaenda kuosha gari la jirani ambalo hata halikuwa chafu. Mara ya pili nilisoma nimekaa. Baba sijamsomea. Hilo ni lako, utamsomea mwenyewe akuangalie.

Nilitaka nikuandikie kurasa kumi za kukusema, na nilikuwa nazo. Imenishinda kwa sababu na mimi nina kitu, na nimekuwa nikijiona mtu safi kwa miaka minne nikiwa nimekikalia.

Kwenye flashi yako uliona yote ya mazishi, kweli sikukata kitu. Ila kuna kipande cha kabla yake ambacho sikukiweka. Siku mbili kabla mama hajaondoka, wodini, aliniomba nilete kamera. Alitaka akutumie salamu. Nilikaa naye wiki tatu pale, Jenipha. Uji nilimnywesha mimi, mashuka nilifua mimi na Debora. Nikasimamisha kamera, nikamwambia haya mama, sema. Hakuiangalia kamera. Aliangalia mlango. Akauliza kwa Kisukuma chake kile cha taratibu kama Jeni amefika. Nikamjibu. Akauliza tena. Mara tatu. Jina langu hakulitaja hata mara moja, na mimi nilikuwa nimemshika mkono.

Nilikuonea wivu pale pale kitandani kwa mama. Sikujua mtu anaweza kumwonea mwenzake wivu mahali kama hapo. Nilipotengeneza flashi yako nikakiacha kile kipande, nikajiambia kitakuumiza. Uongo. Niliona wewe una kila kitu, chuo, Dar, na sasa sauti ya mwisho ya mama inakuita wewe. Nikakunyima.

Nacho kimo kwenye flashi hii niliyoifunga ndani ya soksi, chini ya michembe. Ni dakika sita. Iangalie peke yako, umefunga mlango. Hiyo usije ukawaonyesha watu wanaokula.

Novemba nitakuja. Nitavaa suti ya harusi yangu, kama itafunga. Na nitapitisha kamera kwa kila mmoja mle ndani kabla sijasema neno, na wenye vijiko wasubiri. Lakini sitakuja kabla wewe hujaja. Agosti inatimia miaka minne, baba amesema tutafanya ibada pale kaburini, na lundo la udongo kidogo nitaliweka pembeni kwa ajili yako. Kamera nitashika mimi. Itakapofika zamu yako sitailaza chini.

Ukiangalia hicho kipande utasikia, kila mara mama akiuliza, kuna sauti ya mwanaume nyuma ya kamera inamjibu. Ni mimi. Ulikuwa hujaniambia kama unakuja au huji, na mama alikuwa ananiangalia. Nikamjibu mara zote tatu, "Yuko njiani, mama."

Basi njoo, Jenipha, isije ikawa nilimdanganya.

Kaka yako,
Renatus